Maji yakikaa chuma kinaisha: mazungumzo na mafundi wa Walukuba, Jinja, Uganda, kuhusu deki za nje

Wandugu, mafundi wenzangu, wazee wetu, mama zetu mliokuja, na nyinyi wenye nyumba na wenye gesti mliojificha huko nyuma, sogeeni mbele viti vipo. Asanteni sana kwa kuacha kazi mchana huu. Nimeombwa niongee juu ya deki za chuma, zile sakafu za nje zinazosimama juu ya nguzo, na nilikubali mara moja maana hapa Jinja saa hii kila mtu anataka moja, huko kando ya Nile, kando ya ziwa, juu ya maduka, kila gesti inataka pahali mgeni akae na soda yake aangalie maji, na mbao imekuwa ghali alafu mchwa wanakula hata ile uliyoambiwa imepigwa dawa, kwa hivo wateja wanakuja kwetu sisi watu wa vyuma. Ni kazi nzuri na ina pesa. Lakini nikizunguka naona deki ambazo hazijamaliza hata miaka mitano miguu imeshakatika kwa kutu, wamezipaka rangi juu juu, na watoto wanaruka hapo. Hilo linaniuma na ndo sababu niko hapa.

Neno langu la leo ni moja tu, mengine yote yanatoka hapo. Mvua haiui deki. Kinachoua ni yale maji yanayobaki mvua ikishaenda. Angalieni daraja la reli pale mtoni, limejengwa 1931, limepigwa na mvua zaidi ya miaka 90, unyevu wa mto uko chini yake mchana na usiku, na bado limesimama. Liko wazi, hewa inapita katikati ya vyuma, maji yakiingia yanatoka yanaanguka mtoni. Alafu chukua geti la nyumbani kwako, limeoza wapi? Chini, kwenye kona, pale ambapo maji yanaingia hayatoki. Chuma kinaweza kuwa kile kile, ila moja linakauka na lingine halikauki.

Sasa hapa kwetu kukauka ni shida, tuelewane hapo. Sisi tuko juu ya ikweta karibu kabisa, ziwa liko mlangoni, mvua kubwa zinakuja Machi mpaka Mei, alafu tena Septemba mpaka Novemba au Desemba. Lakini hata mwezi usio na mvua, usiku unyevu wa hewa unapanda sana na alfajiri ukipitisha kidole juu ya bati unakuta umande. Chuma hakihitaji kulowa mpaka kidondoke, unyevu wa hewa ukishapita kama asilimia 60 na kuna vumbi au uchafu juu yake tayari kutu inaweza kuanza kufanya kazi, na ukifika 80 inakimbia. Na joto linaongeza mwendo. Kwa hivo usihesabu mvua, hesabu masaa ambayo chuma kinakaa kikiwa na unyevu. Juu ya deki jua linapiga, saa nne pamekauka. Chini yake jua halifiki, upepo kidogo, nyasi zimeota, panaweza kukaa na unyevu mpaka mchana. Ndo maana mwenye nyumba anakwambia deki yangu iko sawa kabisa, na yeye anaangalia juu tu.

Kuna jambo moja la kutupa moyo. Ziwa letu ni maji baridi, halina chumvi ya bahari. Mtu akisoma mashauri ya Mombasa au Dar ataambiwa lazima stenlesi, kile chuma kisichoshika kutu kirahisi, ya daraja la 316 kila mahali, hiyo ni kwa sababu ya chumvi, kwetu ni pesa nyingi bure. Huku kwetu kwa bolti na skrubu stenlesi ya 304 inatosha mara nyingi. Ila sisi tuna mambo yetu ambayo Mombasa hawana. Tuna wale wadudu wa ziwani wanaoinuka kama moshi, wanakuja usiku kwenye taa wanakufa marundo, asubuhi wamejaa kwenye kila pengo la sakafu, na rundo hilo linashika maji siku nzima. Tuna kalooli, wale ndege wakubwa wa jalalani, nyinyi mnawajua, kinyesi chao kikikauka juu ya rangi kinaila. Tuna vumbi jekundu la muramu. Na tuna sigiri, majiko ya makaa! Watu wanachoma samaki na nyama hapo hapo kwenye deki, majivu yanamwagika, mvua inakuja, maji ya majivu ni makali, yanakula zinki na yanakula alumini. Sigiri iwekwe juu ya kitu, beseni kubwa au tofali, na majivu yasifagiliwe kwenda pembeni ya deki, yachukuliwe yapelekwe shambani.

Tuje kwenye kununua chuma. Mteja anataka rahisi, na sisi tunampa bomba la mraba la milimita 1.2 kwa sababu linachomeleka haraka na linabebeka. Hilo ni la dirisha na uzio, sio la mguu wa deki. Chuma kitupu kwenye hali ya hewa ya unyevu wa kati kinapoteza kama maikroni 25 mpaka 50 (maikroni elfu moja ni milimita moja) mwaka wa kwanza peke yake, na hapo ni sehemu inayokauka, sehemu ambayo maji yanalala inaliwa mara nyingi zaidi ya hapo, na bomba linaliwa kutoka ndani pia wewe huoni. Kwa mguu mimi sishuki chini ya milimita 3. Na pimeni wenyewe dukani, bebeni kaliper, msiamini maandishi tu.

Kuhusu galvanaizi, yaani chuma kilichopakwa zinki, watu wanachanganya sana. Kuna ile bati au bomba linalotoka kiwandani limeshapakwa zinki nyembamba, ile inayoandikwa Z275, hapo kila upande una kama maikroni 20 hivi. Alafu kuna kuchovya, yaani unatengeneza kipande chako chote, unatoboa, unachomelea, unamaliza, ndo kinapelekwa kuchovywa kwenye zinki iliyoyeyuka ya nyuzi kama 450, na hapo chuma cha milimita 3 kwenda juu kinapata wastani wa maikroni 70, kikipita milimita 6 kinapata 85. Fanyeni hesabu. Kwenye unyevu wa kati zinki inapungua kati ya maikroni 0.7 na 2.1 kwa mwaka. Tuchukue mbaya, 2.1. Ile nyembamba inaisha kama mwaka wa tisa au wa kumi, iliyochovywa inakupeleka miaka zaidi ya 30. Bei ya kuchovya inatisha mteja lakini mpe hesabu hiyo, mwandikie kwenye karatasi, wengi wanaelewa wakiiona. Na mkipeleka bomba kuchovywa lazima liwe na matundu pande zote mbili, bomba lililozibwa kabisa likiingia kwenye zinki ya moto hewa na maji ya ndani yanalipuka, yanaua mtu. Msisahau hilo hata siku moja.

Na nyinyi mnaochomelea galvanaizi kila siku bila kitu usoni, tafadhali. Ule moshi mweupe ni zinki, inachemka kwenye nyuzi 907 na arki yako, ule moto wa welding, iko juu sana ya hapo, ndo ule unaokupa homa na baridi usiku, unadhani ni malaria. Watu wanakunywa maziwa. Maziwa hayazuii kitu, moshi unaingia mapafuni na maziwa yanakwenda tumboni. Saga zinki itoke kama sentimita tano kila upande wa mahali pa kuchomelea, fanya kazi nje, kaa upepo usikuletee moshi usoni, vaa barakoa ya kichujio sio kitambaa. Ukimaliza safisha, paka rangi yenye zinki nyingi hapo ulipochoma, maana pale umeacha chuma uchi.

Sasa kujenga kwenyewe, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndo mahali maji yanaamuliwa yakae au yaende.

Mguu. Tunapenda kuchimba shimo, kusimamisha bomba, kumwaga zege, basi. Pale chuma kinapoingia kwenye zege ndo pabaya kuliko pote, maji yanateremka kwenye nguzo yanakaa kwenye ule mduara, udongo unajazana, na bomba linakatika pale pale usawa wa ardhi. Mwaga zege lipande juu ya ardhi kama sentimita 15, juu yake lisukume mteremko kidogo pande zote, weka bolti, alafu mguu wako uwe na pleti chini unaofungwa kwa bolti. Ukioza siku moja unafungua unabadilisha. Na nyinyi wa kando ya ziwa mnakumbuka 2020 maji yalivopanda yakameza bichi nzima na nyumba, msisimamishe nguzo mkiangalia maji yalipo leo, ulizeni wazee yalifika wapi.

Mteremko. Deki isiwe sawa kama meza, ianguke kutoka kwenye nyumba kwenda nje, sentimita moja kwa kila mita inatosha kama sakafu ina mapengo, mbili kama ni pleti nzima. Mtu aliyekaa haoni lakini maji yanaona. Cheka pleti, ile pleti yenye maua yaliyoinuka, wengi mnaipenda, inakwenda haraka, lakini kati ya yale maua yake maji yanalala, kijani kinaota, watu wanateleza. Mimi napendelea vipande vilivyopangwa na pengo la milimita 5 au 6 kati yao, maji yanapita, hewa inapita, fagio linapita. Ukiwa lazima na pleti basi toboa matundu ya maji sehemu ya chini na usiibane ukutani.

Na ukutani hivo hivo, msilaze boriti imegusana na plasta. Acheni nafasi ya sentimita moja au mbili kwa vipande vya kutenganisha, bolti zishike kwenye ring-bimu, ule mkanda wa zege unaozunguka kuta, sio kwenye tofali za kuchoma peke yake, tofali litapasuka na deki yote itaning'inia.

Ango, kile chuma cha pembe, iliyogeuzwa mdomo juu ni bakuli, igeuze. Chaneli iliyolala na tumbo juu toboa matundu. Bomba lisilokwenda kuchovywa, ama lizibwe kabisa pande zote kwa kuchomelea mzunguko mzima hewa isiingie, ama liwe na tundu chini maji yatoke, usifanye nusu nusu, maana bomba lenye upenyo mdogo usiku linapoa linavuta hewa yenye unyevu, unyevu unageuka maji ndani na hauna pa kutokea. Na kuchomelea kwa nukta nukta, sentimita mbili hapa, ruka, sentimita mbili pale, hiyo inaacha mdomo kati ya vyuma viwili, maji yananyonywa mle, na kutu ikizaliwa inachukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma ilichokula, inasukuma, mnaona vyuma viwili vimeachana na mkashangaa nani amepinda. Chomelea mzunguko mzima. Na rodi zenu za kuchomelea ziwe kavu, ukizitoa kwenye boksi uziache kwenye sakafu ya karakana mwezi wa nne unapata vitundu kwenye welding, kila kitundu ni nyumba ya kutu.

Joto nalo lina mambo yake. Asubuhi chuma kiko nyuzi 18 hivi, mchana kikiwa na rangi nyeusi juani kinaweza kufika 60 na kupita. Kwa urefu wa mita 6 chuma kinarefuka kama milimita 3, alumini karibu mara mbili ya hapo. Ndogo, lakini ukifunga pande zote mbili kwa nguvu kitu lazima kikubali, ama skrubu inakatika ama sakafu inavimba. Funga upande mmoja, upande mwingine tundu liwe refu. Ile tak-tak ya usiku wanayosema ni mizimu ni chuma kinapoa kikiwa kimebanwa. Na rangi iwe nyeupe-nyeupe au kijivu hafifu, watoto wetu wanatembea peku, wasiungue nyayo.

Vyuma tofauti visilale pamoja kwenye unyevu. Sakafu ya alumini juu ya boriti ya chuma, weka raba katikati. Skrubu za chuma cha kawaida kwenye alumini hapana, zinaisha haraka, tumia stenlesi na washa ya plastiki chini yake. Na maji yanayodondoka kutoka kwenye bomba la shaba la eyakondisheni yasianguke kwenye alumini wala galvanaizi, yanatoboa. Bomba la plastiki la kuyapeleka pembeni ni bei ya chai.

Rangi nitasema haraka ingawa ingestahili siku yake. Hakuna rangi inayokaa juu ya ile ngozi ya bluu-nyeusi ya kiwandani, itang'oka na rangi yako juu yake, kwa hivo saga au piga mchanga. Usipake asubuhi na mapema. Chuma kinakuwa na umande hata kama macho hayaoni, kiwe na joto angalau nyuzi 3 juu ya kiwango cha umande, yaani lile joto ambalo umande unaanza kutokea, na unyevu wa hewa usipite asilimia 85, kwetu hapa hiyo mara nyingi ni kuanzia saa nne mpaka kama saa tisa, ukiona mawingu ya ziwa yanakuja funga kopo. Rangi ya mafuta ya kawaida moja kwa moja juu ya galvanaizi haifai, inagombana na zinki inageuka sabuni chini, mwaka haujaisha inabanduka kama makaratasi, lazima praima yake maalum, yaani rangi ya kwanza ya chini. Na kabla ya kupaka kote, chukua brashi ndogo paka kwanza kingo zote na mistari ya welding, kwa sababu rangi ikikauka inajivuta inaacha kingo na koti nyembamba, na kutu inaanzia hapo. Rangi ya epoksi ni nzuri sana chini lakini jua letu linaifanya unga, ifunikwe na rangi ya poliyurithini juu.

Umeme. Deki ya chuma iunganishwe na waya wa ardhi, na taa za deki zipite kwenye kikata umeme kinachoruka haraka. Nchi yetu inapigwa radi sana, sote tunakumbuka Kiryandongo 2011, radi iliua watoto 18 pale shule ya Runyanya. Ukisikia ngurumo watu washuke kwenye deki waingie ndani, hata kama mvua haijaanza.

Sasa wenye nyumba, hii ni yenu, na nawaomba mnisikilize maana fundi akishaondoka deki ni mikono yenu. Osheni kila mwezi kwa maji, sabuni ya kawaida na brashi laini, na asubuhi baada ya wadudu wa ziwani fagieni siku hiyo hiyo. Klorini ya kufulia nguo nyeupe hapana, asidi ya choo hapana, brashi ya waya kwenye zinki hapana, mnang'arisha mnaondoa ulinzi mlioulipia. Masufuria ya maua yawe na miguu. Na lile zulia la kijani la plastiki, la nyasi bandia, jamani. Kila gesti siku hizi inalo. Linapendeza kwenye picha, lakini mvua ikinyesha linakaa na maji siku tatu juu ya chuma, kwenye giza, na joto letu. Nimeinua mazulia hayo nikakuta cheka pleti inatoboka kwa bisibisi. Mkilitaka, litandikeni siku ya wageni, jioni likunjeni mlianike.

Mara mbili kwa mwaka, Februari na Agosti, kabla mvua hazijaingia, mtu aingie chini ya deki na tochi. Afyeke nyasi, atoe udongo uliojazana miguuni, aangalie kila kona, akaze nati. Akiona doa la kutu la ukubwa wa shilingi mia, alisage mpaka chuma cheupe, praima, rangi, ni kazi ya saa moja. Likiachwa mwaka mzima ni kazi ya gurainda na boriti mpya. Fundi, muachie mteja kikopo cha rangi ile ile, na mpigie simu wewe Februari, usingoje yeye.

Mama mmoja aliniuliza pale nje, deki yangu ni ya zamani, nitajuaje kama bado inabeba? Mama, chukua nyundo ndogo. Gonga mguu kuanzia chini, kila sentimita kumi, kwenye zege pale na kwenye viungo vyote na mahali deki inaposhika ukuta. Chuma kizima kinalia wazi, kilichooza kinatoa sauti ya kufa, na kikiwa kimeisha nyundo inazama. Reli ya mkono nayo, isukume kwa nguvu ya mwili wote, isitikisike, iwe na kimo cha mita 1.1 na mapengo yasipite sentimita 10 ili kichwa cha mtoto kisipite. Alafu mfikirie uzito. Deki ya mita 4 kwa 5, ikijazwa na watu mpaka wanagusana, wahandisi wanaihesabia kama kilo 400 kwa kila mita ya mraba, hizo ni tani 8, na siku ya kwanjula, ile sherehe ya mchumba kutambulishwa kwa wazazi wa msichana, watu wote wanakimbilia upande mmoja kuona wageni wanaingia. Kwa deki ya ghorofani lipeni mhandisi aje ahesabu, sisi mafundi tunachomelea vizuri lakini ile hesabu ni ya kwake.

Na kama nyundo imezama kwenye mguu hata mmoja, hakuna cha kusubiri mwisho wa mwezi wala kupaka rangi juu. Funga kamba kwenye ngazi leo, mtu asipande mpaka mguu ubadilishwe, hata kama kwanjula ni Jumamosi na mahema yameshalipwa, wageni wakae chini kwenye nyasi.